Kuku wa Vihingo Anavaa Ushanga

Juzi wamekuja tena vijana wanaochora vitabu vya watoto, wakanikuta hapa kwangu Pangani nachambua mchicha. Wana adabu zao, wakaniamkia shikamoo bibi, nikaitikia marahaba, nikawawekea chai. Siku hizi wanachorea kwenye kioo, kidole kinapita, rangi inatoka. Wakanionyesha kazi zao na kwa kweli ni nzuri, wala siwaonei kijicho. Halafu binti akafungua kitabu changu cha zamani, kile cha msichana na kuku, akanambia, "Bibi, hii ya kila mtu kuvaa ushanga shingoni ndiyo staili yako, eti?"

Staili! Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wakaona wamenikosea, maskini, wakaanza kuniomba radhi. Nikawaambia hamjakosa kitu, kaeni mnywe chai, niwaambie hizo shanga zimetoka wapi. Maana zilinitoa jasho, na mtu asije akasema nilizitia kwa ajili ya urembo.

Mimi ni mtoto wa Kisarawe, kule Vihingo, na baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Chuo ninachosema si hivi vya kugombania vyeti. Ni barazani kwetu, mikeka imetandikwa, watoto wa majirani na mbao zao wanasoma Kurani kwa kelele mpaka kuku wanahama uwanja. Baba alikuwa na mwandiko wa kusifika. Watu walitoka hadi Kwala, mwendo wa kulala njiani, waje awaandikie kombe. Ataandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, itaoshwa kwa maji, mgonjwa atakunywa. Kalamu zake za mwanzi alizichonga mwenyewe na hakuna aliyethubutu kuzigusa, si mama, si mimi. Mkono ule nimeurithi mimi. Yeye aliutumia kwa herufi, mimi nikautumia kwa mbuzi.

Mbuzi wa kwanza nilimchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Alikuwa mbuzi wa jirani, mwizi wa majani ya muhogo, na nilimpatia barabara, na ndevu zake na ule uso wake wa kutojali. Mama akanambia futa upesi baba yako hajarudi. Sikufuta. Nilikuwa mbishi tangu tumboni, mama mwenyewe akisema. Baba akaja jikoni kuchukua kaa la kufukizia ubani, akamwona.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, baba."

"Unajua kwamba siku ya kiyama utaambiwa umtie roho?"

"Najua."

"Utaweza?"

"Siwezi."

"Sasa?"

"Sasa baba, si umtazame kwanza? Hakufanana?"

Mama akajishika kichwa. Nilingoja kofi. Baba hakunipiga. Alisimama na lile kaa lake kwenye chetezo, akamtazama mbuzi kwa muda mrefu kuliko anavyotazamwa mbuzi, kisha akatoka.

Watu wakisikia mwalimu wa chuo wanadhani mtu wa fimbo tu. Baba alikuwa mtu wa hukumu. Alipenda jambo lichunguzwe, litafutwe lilipoandikwa, liulizwe kwa wenzake wenye elimu. Alivifungua vitabu vyake, akaenda mpaka Kisarawe mjini kuzungumza na masheikh, akarudi na jibu. Akaniita mkekani, akanikalisha mbele yake kama mdai na mdaiwa.

"Kiumbe aliyekatwa shingo hana uhai," akasema. "Mimi nimeridhika na hukumu hiyo. Basi chora. Lakini kila utakayemchora, mtu au mnyama, mkate shingo. Na kukata ni kukata. Usije ukachora shingo nzima halafu ukapitisha mstari juu yake ukadhani umenidanganya. Hapo hujakata, hapo umepamba tu. Mstari wa kichwa uishe, na mstari wa mwili uanze mbali yake. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Wallahi, siku nitakapoona shingo nzima kwenye picha ya mkono wako, penseli zote nazitia motoni, na hutachora tena maadamu unakaa chini ya paa langu."

Baba akishasema wallahi, mambo yamekwisha. Hakuwa mtu wa kuapa sokoni. Mama alikaa naye miaka yote ile na alisema alimsikia akiapa mara za kuhesabika, na hakuna hata moja aliyoirudisha nyuma.

Nyie, nilikasirika! Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Nani anataka kuchora watu waliochinjwa? Lakini kuacha kuchora sikuweza, na kumtii kwa kununa sikutaka pia. Nikasema sawa, kama ni kukata tutakata, lakini watu wangu watakatwa wakiwa wamependeza. Nikaanza kuwavika. Kichwa nilikichora mpaka chini ya kidevu, nikasimama. Chini yake nikachora uzi wa shanga, punje kwa punje. Chini ya shanga ndipo nikaanza mabega. Mistari ya shingo haikugusana kabisa, ila shanga ndizo zilizowashika, na ukitazama unaona mtu mzima, mrembo, anakwenda zake. Wanaume niliwapa tarizi nene kwenye kola ya kanzu. Mtoto mchanga akapata hirizi. Mbuzi akapata kamba. Kuku ndiye aliyenisumbua, maana kuku utamvika nini? Mwisho nikamvika ushanga naye. Potelea mbali.

Kila baada ya Alasiri, wanafunzi wakishaondoka, baba aliita, "Lete nikague." Ataweka miwani, ataishika karatasi karibu na uso, kidole chake kitapita shingoni kwa kila mmoja. Hakusema nzuri wala mbaya. Atasema, "Huyu amekatwa. Huyu amekatwa. Huyu kuku..." halafu ataisogeza karatasi karibu zaidi na miwani, "...naye amekatwa." Mama aliniambia baadaye kwamba nikichelewa kupeleka alikuwa anauliza, huyu mtoto leo hana picha?

Nilikuwa nimemaliza shule ya serikali pale pale kwetu na mwalimu wetu, mama mmoja mkali mwenye moyo mzuri, alinipenda. Akazichukua picha zangu akazitundika darasani wadogo wajifunzie kusoma: kuku, kisu, kikapu. Hapo ndipo Memsahibu wa vitabu akazikuta. Alitoka mjini Dar es Salaam, kwenye ofisi ya serikali iliyokuwa inatengeneza vitabu vya darasa la kwanza, na gari lake lilifika limepakaa tope mpaka madirishani. Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Mwalimu akatuma niitwe.

"Picha nzuri sana," akasema Memsahibu. "Lakini kwa nini kuku amevaa ushanga?"

"Kuku wa kwetu wanavaa."

Mwalimu akakohoa.

"Mimi sijapata kuona kuku aliyevaa ushanga."

"Hujakaa sana Vihingo, Memsahibu."

Akacheka, na mimi nikacheka, na kwa kuwa alicheka nikampenda nikamweleza ukweli wote. Nikamwambia habari ya baba, ya hukumu, ya kiapo, ya mistari isiyogusana. Nikamwambia wazi kwamba shanga zikitoka, kuchora kwangu kumekwisha. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. "Ninaelewa," akasema. Neno hilo nimelishika mpaka leo. Ninaelewa.

Akanipa kazi. Hadithi ya msichana anayempelekea bibi yake kuku, kuku akamponyoka njiani, kijiji kizima kikamkimbiza. Aliniletea karatasi nene nyeupe ambazo niliogopa hata kuzilalia mkono, na wino mweusi, na kalamu ya nibu. Nilifanya kazi ile kwa raha ambayo sijui kuisimulia. Msichana nilimtoa kwa binamu yangu, miguu mirefu na kinyago cha hasira usoni. Bibi nilimtoa kwa bibi yangu, mama yake baba, aliyekwisha kufa, na kanga yake aliyoifunga chini ya kwapa. Baba alipofika kwenye ukurasa ule wakati wa kukagua, kidole chake hakikwenda shingoni. Kilibaki usoni pa mama yake. Ndipo akasema, "Amekatwa," kwa sauti ndogo, akanirudishia.

Vitabu vilikuja wakati wa masika, vimefungwa kwenye boksi la karatasi ngumu. Mwalimu akaniita tuje tufungue pamoja na watoto. Nilivaa kanga mpya. Nilifika darasani nimejiona, acha niseme kweli, nimejiona mtu mkubwa. Vitabu vikagawiwa. Mtoto mmoja wa kike wa mbele akauliza, "Mwalimu, mbona bibi kachinjwa?"

Nikanyakua kitabu. Yallah! Shanga hazikuwapo. Huko mjini mtu alikuwa amekaa na rangi nyeupe akazifuta zote, moja moja, ukurasa kwa ukurasa, na kwa kuwa mistari yangu haikugusana, hapakubaki kitu. Kichwa huku, mwili kule, katikati karatasi tupu. Msichana wangu anakimbia na kichwa chake kinamfuata kwa juu. Watu wa kijiji wote, vichwa vinaelea. Mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, kichwa mbali. Na bibi yangu, mama wa baba yangu, amekaa mlangoni kwake anacheka na kichwa chake hakiko mwilini. Watoto wengine walianza kucheka, mmoja akalia, mwingine akaweka kidole kwenye ile nafasi kama anayejaribu kuona kichwa kitadondokea wapi.

Ila jaladani, pale palipochorwa kuku mkubwa peke yake, mtu yule aliona pengo, akaliunga. Kwa mkono mzito, mstari mnene kama kamba ya kisima. Kuku ana shingo nzima.

Sikuogopa kwanza, nilichukia kwanza. Kisha nikakumbuka wallahi ya baba, nikaogopa. Mwalimu akanishika bega akanambia kwa kunong'ona, "Usimwonyeshe. Kitabu ni cha shule, hakitoki hapa. Yeye atajuaje?" Mama naye, nilipofika nyumbani nikamweleza, akasema hivyo hivyo, kifiche mwanangu, mwambie havijaja.

Nikasema sifichi. Mimi nimeiba nini? Nimezini? Nilitandika mkeka mwenyewe baada ya Alasiri, nikaweka kitabu mbele ya baba, jalada juu, kuku anamtazama.

Akavaa miwani. Kidole kikaenda shingoni kwa kuku, kikapanda, kikashuka.

"Shingo nzima," akasema.

"Ndiyo baba."

"Na nimeapa."

"Umeapa. Lakini kuku yule ulimkagua mwenyewe, hapa hapa. Alikuwa na ushanga. Sema kama hakuwa nao."

"Alikuwa nao," akasema. "Ulikuwa na punje kubwa katikati." Alikumbuka! Akainama tena juu ya mstari ule mnene, akautazama anavyotazama mwandiko wa mtu anayejifanya mwanachuoni. "Mkono huu si wako. Huu ni mkono wa mtu mwingine. Mimi niliapia mkono wako."

Mama, nyuma ya pazia, alishusha pumzi nikaisikia.

Baba akafungua ndani. Akapita ukurasa kwa ukurasa, polepole, na kwa kila mmoja akasema, amekatwa, amekatwa. Alipofika kwa mama yake akasimama. Lakini hukumu ni hukumu. Akafunga kitabu. "Wa ndani wote wamekatwa, tena zaidi ya nilivyotaka. Kiapo kipo, penseli zako zipo. Hakuna kosa."

Nilitakiwa kusema alhamdulillahi nikaondoka. Badala yake nilisimama na kumpandishia sauti baba yangu, jambo ambalo kwetu msichana halifanyi. "Kosa lipo! Mimi nilikata nikawavika, wao wamenichinjia watu wangu! Watoto wanalia darasani! Bibi amekaa mlangoni hana shingo, baba, na wewe unasema hakuna kosa?"

Mama akatoka mbio kunivuta. Baba akachukua birika akaenda kutawadha, na muda wa Magharibi ulikuwa bado.

Memsahibu alikuja baada ya siku chache, amefurahi, anataka kuona watoto wanavyosoma. Nilikuwa nimemsubiri. Hata salamu sikumpa vizuri.

"Ulisema unaelewa," nikamwambia.

Uso ukamwiva. Alisema ofisini walipiga kura, wakubwa waliona shanga zitawachanganya watoto wa mikoa mingine, na yeye hakujua kama pengo lingeonekana. Akasema pengo lenyewe ni kama doa dogo tu, watoto hawaoni.

"Watoto wameshaona."

"Tutarekebisha katika kitabu kijacho. Kijacho utachora shingo za kawaida, na mimi nitazungumza na baba yako."

"Utazungumza naye nini? Kitabu kijacho mtafutie mtu mwingine. Na hivi navirudishia shanga zangu."

Hapo ndipo akawa mzungu wa serikali. Akanyooka. Akasema vitabu hivyo ni mali ya serikali, haviandikwi ndani, na nikivigusa sitapata kazi tena ofisini kwao, si mwaka huu wala mwaka mwingine. Alisema bila kelele. Nadhani alisikitika kweli, na mimi nilisikitika, maana karatasi kama zile sikujua nitazipata wapi tena katika maisha yangu. Nilizitaka. Msidhani sikuzitaka.

"Basi," nikasema.

Gari lilipoondoka nikaingia darasani nikaanza kukusanya vitabu kwa watoto. Mwalimu alisimama mlangoni, mtumishi wa serikali, mshahara wake uko hatarini. Akanitazama, akatazama boksi. Kisha akageukia ubao akaanza kuufuta, na ubao haukuwa na kitu. "Mimi nina kazi hapa," akasema. "Sioni linaloendelea nyuma yangu."

Nikajitwika boksi kichwani. Njia nzima watu wananiuliza umebeba nini binti wa mwalimu, nikawaambia nimebeba wagonjwa. Nilifika nyumbani baba anachonga kalamu barazani. Nikapita bila kumwomba ruhusa, nikatandika mkeka wangu palepale mbele yake, nikatoa kidau cha wino kilichobaki, nikaanza. Msichana kwanza. Uzi, punje, punje, punje, kichwa kikamrudia. Kisha mama na mtoto.

Niliona kivuli cha baba kimenisimamia. Sikuinua macho. Nilikuwa tayari kwa lolote, anifukuze, avunje kalamu, aape tena. Nilikwisha kusema moyoni kwamba hata akiapa leo, hivi vya leo nitavimaliza.

Akaketi mkekani. Akavuta boksi, akatoa kitabu, akakifungua mpaka kwa mama yake. Akachovya kalamu yake ya mwanzi, ile ya zafarani na aya, kwenye wino wangu.

"Baba?"

"Mimi sichori," akasema. "Mimi nakata shingo tu."

Akaegemeza mkono kwenye goti, akavuta uzi mmoja mwembamba pale palipokuwa wazi, kutoka bega hadi bega. Mkono ule wa kuandika hautetemeki. Uzi peke yake ungetosha kwa huko kukata alikokusema. Lakini kalamu haikuondoka. Ikarudi, ikaweka punje moja, ikaweka ya pili, ikaenda hivyo mpaka mwisho wa uzi, na katikati akaweka kubwa, kama ile aliyokuwa akiivaa bibi siku za Idi.

"Baba," nikasema, "hapo unapamba."

"Nyamaza," akasema. "Sogeza wino."